Maji ya Msimbazi yalivyotukuta na Pijo 504 ya marehemu mzee. Mwenye gari bondeni apite hapa kabla ya masika

#1 MtotoWaMkwajuni

Wakuu, habari za majukumu.

Masika yanakaribia na nimeanza kuona watu wanaulizana gari lipelekwe wapi maji yakija. Nimeona niandike yaliyonikuta masika ya 2024. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwetu ni Hananasifu hapa Dar, bondeni mwa Mto Msimbazi, upande ule unaoshukia Mkwajuni. Mzee alijenga hapo enzi ambazo bonde lilikuwa na mashamba ya mchicha. Desemba 2011, mafuriko yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar, maji yaliingia ndani mpaka usawa wa dirisha. Wakazi wengi wa bondeni wakapelekwa Mabwepande, nje kidogo ya jiji. Mzee aligoma. Alisema maji yamekuja kusalimia, yatarudi kwao.

Mzee alifariki 2019 akaacha Peugeot 504 nyeupe ya mwaka 1978, gia za kwenye usukani. Aliinunua kwenye mnada wa shirika alilokuwa dereva. Kila Jumamosi anaifungua kitu na mimi namshikia tochi. Kuhesabu nimejifunza kwa spana zake. Mwalimu wa darasa la kwanza akaniuliza baada ya kumi na moja inakuja ngapi, nikamjibu kumi na tatu. Nilichapwa, na mzee aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa siku yenyewe. Mvua siku ya tatu haijakata, Mamlaka ya Hali ya Hewa wameshatangaza tangu juzi yake. Jioni nikashuka kuuangalia mto, nikasema bado. Hiyo "bado" ndiyo iliyonigharimu, maana saa kumi na mbili jioni ile njia ya kupanda lami ilikuwa kavu kabisa.

Saa nane usiku nikasikia sufuria zinagongana jikoni. Nikadhani panya. Naweka mguu chini, maji kwenye vifundo.

Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nikamwambia "Mama kaa hapo kitandani, nakuja", nikatoka nje. Kwenye gari.

Uani maji yameshafika kwenye rimu. Betri haipo, nilimwazima shemeji wiki ile. Nikapiga kelele, wakaja vijana watano wa mtaani, Mungu awabariki. Tukasukuma. Haliendi. Tukadhani tope, tukachimbua kwa mikono, tukaweka mbao chini ya tairi, haliendi. Dakika ishirini hivi maji yanapanda, kijana mmoja ananiuliza, "Braza, hendibreki umetoa?"

Niliifunga miezi miwili nyuma na nikasahau. Nikaishusha, lakini breki za nyuma zimeshashikana kwa kutu. Tukaanza kulitikisa, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka likatoa mlio "ta!" likaachia. Hapo maji yako juu ya goti na gari limeanza kuwa jepesi. Mwanzoni ukisukuma unasikia uzito wake, tani moja na ushee. Halafu ghafla nyuma kunahama kwenda pembeni peke yake, huna habari nako. Mmoja akasema "linaogelea hili". Tukafunga kamba kwenye Hilux ya jirani iliyokuwa juu, ikavuta taratibu, sisi tumeshikilia upande wa mto, upande ambao hatukutakiwa kabisa kuwepo. Likatoka, likapanda lami.

Huku shemeji anatoka Magomeni na IST yake kuja kumchukua mama. Akafika pale kwenye bonde la njia akaona maji "si mengi". Likazima katikati. Akapiga stata. Akapiga tena. Ya tatu. Ya nne injini ikasema "ko", ikanyamaza moja kwa moja.

Nilipowakumbuka wa nyumbani nikarudi mbio. Mama kasimama juu ya stuli ya jikoni, kanga kajifunga kiunoni, bahasha ya hati ya nyumba kaikumbatia kifuani. Maji yako usawa wa godoro. Akaniuliza, "Limetoka?"

Nikasema limetoka mama.

Akasema, "Haya, sasa na mimi nitoke."

Vijana wakambeba mgongoni.

Maswali ruksa. Matusi pia, nimeshayazoea, dada yangu alianza.

#2 Kishtobe_wa_Sinza

Spana kumi na tatu nimecheka mpaka konda kaniangalia. Ila hapo kwa mama kicheko kikakata. Pole mkuu. Picha ya Pijo iko wapi? Uzi bila picha ni umbea.

#3 FundiGerezani

Pole mkuu. Nianze na hendibreki maana hata wateja wangu wanalia nayo. Gari linalolala muda mrefu halifungwi hendibreki, hasa pwani huku kwenye unyevu na chumvi. Liache kwenye gia, weka kigingi cha mbao au nusu tofali mbele na nyuma ya tairi. Usiku wa maji ni teke moja kigingi kimetoka.

Pili, shemeji. Nieleze polepole maana wengi wanaua injini hapa. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta silinda ina maji, lazima kitu kimoja kikubali, na kinachokubali ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Inapinda, au inatoka nje kupitia ubavu wa bloku. Sasa mdomo wa kuvutia hewa kwenye hivi vigari vidogo uko mbele, karibu na taa, chini kuliko mnavyodhani. Ukiingia majini na mwendo, wimbi lako mwenyewe linapanda boneti na unainywesha injini kwa mkono wako.

Likizima majini: zima swichi, toa funguo, shuka. USIPIGE STATA. Hata moja. Gari livutwe mpaka pakavu, plagi zote zitolewe, injini izungushwe maji yaruke nje kwenye matundu, oili na filta vibadilishwe, eakilina (chujio la hewa) itupwe. Ukifanya hivyo mapema injini nyingi zinarudi. Stata ya kwanza inaweza kukusamehe. Kwenye ya nne shemeji alikuwa anapigia msiba wake ngoma.

Tatu, Pijo yenyewe. Usifurahi mapema kwa sababu injini haikuzama. Fungua difu (lile boksi la gia la ekseli ya nyuma) na giaboksi uangalie oili, maana zina vitundu vya kupumulia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga, weka oili ya bei rahisi, tembeza kidogo, mwaga tena ndipo uweke nzuri. Beringi za magurudumu zifunguliwe, griisi mpya. Stata na alteneta zishushwe zikaushwe. Halafu kapeti. Watu wanaanika kapeti la juu wanaacha lile sponji la chini, linakaa na maji mwezi mzima, ndilo linalokula sakafu kimyakimya. Ng'oa siti zote.

#4 Mama_Jey_Hananasifu

Mimi nimesoma mara mbili nikitafuta huyo mama alitolewa saa ngapi. Dakika ishirini za hendibreki, bado kuchimbua tope, bado kamba, bado Hilux. Bibi wa miaka 71 mwenye magoti yuko gizani juu ya stuli. Na umeme je, ulizimwa? Maji yakifika kwenye soketi unajua kinachotokea?

Sikutukani, nakuuliza tu. Sisi tuko mtaa wa pili, usiku ule ule tulitoa watoto, bibi, mitungi ya gesi, ndiyo vingine. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo ya aibu.

#5 MtotoWaMkwajuni

Mama Jey sina jibu la kujitetea. Umeme TANESCO walikuwa wameshakata mtaa mzima, ila sikukata mimi, ni bahati.

Ukweli ni kwamba sikuwaza. Nilivyoona maji yako kwenye rimu, miguu ilikwenda yenyewe. Ukiniuliza mchana kipi kinaanza nitakwambia mama, hata kwa kiapo. Usiku ule miguu ilijibu kingine. Nimekaa na hilo mpaka leo.

#6 BeiPoa

Skrepa la 1978 limetaka kuua familia. Uza kwa kilo ununue bodaboda mbili, mwezi wa tatu umerudisha hela.

#7 MzeeWaNakuru

Hamjambo ndugu wa Bongo. Wewe BeiPoa wacha matusi kwa wazee. Hiyo 504 ndiyo Ove Andersson aliyoshinda nayo Safari Rally mwaka wa 1975, tena ile Safari ya matope yenyewe, si hii ya siku hizi. Sisi tulikuwa watoto kando ya barabara tukinyunyiziwa tope tukashangilia. Kuna watu wa umri wangu hawajawahi kusamehe gari lingine lolote kwa kutokuwa Pijo.

Hata hivyo Mama Jey ana haki. Mei 2024 hapa Kenya serikali iliamuru walio kando ya mito wahame na kuna watu walibaki kulinda mali. Mimi nina Datsun 1200 ya ujana wangu. Nilichofanya ni kuitoa mapema, jua likiwaka, nikaipeleka kwa shemeji aliye mlimani. Jirani zangu walinicheka siku tatu. Siku ya nne mtaro ulipasuka, na wote wakanipigia simu wakiuliza shemeji ana nafasi ngapi.

#8 Ngalawa_Msasani

Hakuna aliyegusa bahari. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita kote huko mpaka unamwagia pale Daraja la Salander. Bahari ikiwa imejaa, hasa bamvua, zile siku inapojaa kuliko kawaida, maji ya mto hayana pa kutokea. Yanasimama na yanarudi nyuma bondeni. Mvua ile ile ikikukuta wakati wa maji kupwa utaona unafuu, ikikukuta saa za bamvua umekwisha. Sisi wavuvi tunatazama mwezi. Mwezi mpevu au mwandamo, mvua kubwa, na jedwali la bandari linasema maji yanajaa alfajiri: hamisha gari jana yake. Huna haja ya kushuka kuuangalia mto jioni ukasema bado, maana mto unaouona jioni huenda ni wa maji kupwa.

Halafu chini mto umejaa mchanga na takataka zetu. Kila mwaka kina kinapungua. Ndiyo maana hata ile karakana ya mabasi ya mwendokasi Jangwani ilikuwa inazama na mabasi yake, na Barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa mvua kubwa zikinyesha.

#9 MtotoWaMkwajuni

Mzee Ngalawa umenifumbua macho. Nilikaa pale jioni kweli nikaona maji yanashuka vizuri.

#10 KirikuuYaTandale

Mimi nina Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ndiyo inanilisha. Usiku ule sikuwa na pa kuitoa, njia imeshafungwa. Nikaifunga kwenye mwembe kwa kamba ya katani niliyokuwa nafungia mizigo. Asubuhi nimeikuta imegeuka, pua inatazama kwa jirani, imelalia ubavu kidogo, imejaa tope mpaka kwenye siti, ila ipo. Ya mwenzangu aliyoifunga kwenye geti ilikwenda na geti lake.

Swali kwa fundi: kuna mtu aliniambia nifungue milango maji yaingie ili isielee. Ni kweli?

#11 FundiGerezani

Kirikuu, hilo lina hesabu yake. Ujazo wa mita moja kila upande wa maji ni tani nzima. Gari likikaa majini linasukumwa juu kwa uzito wa maji liliyoyapisha, na gari la kisasa limezibwa vizuri na mpira, ni kama ndoo. Maji yanayokwenda kwa kasi, kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kubeba gari dogo. Sentimita 60 yanaondoka na magari mengi, pamoja na hayo marefu mnayoyaamini. Pijo ya huyu bwana ilianza "kuogelea" kwenye goti. Ndiyo hesabu yenyewe hiyo.

Kufungua milango kunalizuia kuelea, ni kweli, lakini umekubali kuua viti, waya na kila kitu cha ndani. Kwa Kirikuu isiyo na vitu vingi vya umeme mimi ningekubali. Kwa gari lenye kontroboksi (kompyuta ya gari) chini ya siti, unalizika hai. Na kufunga kamba, funga kwenye fremu, mbele na nyuma, siyo kwenye bampa. Ufanye hayo maji yakiwa hayajafika. Yakishakuwa gotini hakuna kufunga wala kufungua, ni kuondoka.

Na mtoa uzi, umesema mlisimama upande wa chini wa mto mkilisukuma. Siku nyingine nitakuja kukuchapa kama mwalimu wako. Gari likielea likageuka, mlioko upande ule ndio mnabanwa.

#12 BabaQais_Sharjah

Nasoma uzi huu niko huku Sharjah nakumbuka Aprili 16, 2024. Mvua ya siku moja ambayo Imarati hawajawahi kuipima tangu waanze kuweka kumbukumbu 1949. Al Ain kituo kimoja kilipata zaidi ya milimita 250 ndani ya saa 24. Huku mitaro ya kutosha hakuna, nani alitegemea mvua jangwani? Maegesho ya chini ya ghorofa, yale tunayoyagombania kwa ajili ya kivuli, siku ile yaligeuka visima. Patrol ya jirani yangu ya mwaka 1990, kaipaka rangi kwa mwaka mzima, ilizama mpaka paani akiwa amelala ghorofa ya nne. Mimi nililipandisha langu juu ya daraja, nikaliacha na taa za dharura, nikarudi kwa miguu. Nilipigwa faini? Wacha niseme tu gari lilibaki kavu.

Ila lililonileta ni jingine. Ndugu zangu mnaonunua magari Dubai na Sharjah, yale yaliyozama hayakuyeyuka. Yameoshwa, yamepigwa manukato, yapo yardi.

#13 Kishtobe_wa_Sinza

Yesu wangu. Mimi nina gari njiani.

#14 BabaQais_Sharjah

Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake kabisa. Hakuna muuzaji anayekumbuka kuosha ile sehemu ya ndani, utakuta mstari wa tope kama alama ya chai kwenye kikombe. Angalia boliti za chini ya siti, zikiwa na kutu au zimefunguliwa jiulize kwa nini. Ingiza mkono kwenye kisima cha tairi la akiba. Taa za mbele zikiwa na ukungu kwa ndani, moja mpya moja ya zamani, uliza. Na likinukia sana, ondoka. Gari la mtu wa kawaida halinukii kama duka la udi.

Kwa Japani, kwenye karatasi ya mnada tafuta neno kansuisha, ndilo gari lililozama. Mwambie wakala akutumie karatasi yenyewe, siyo maelezo yake.

#15 MstaafuWaBima

Nimefanya kazi ya madai miaka mingi. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako halimo. Wengi wanalijua hili siku ya maafa. Bima kubwa nayo soma uone mafuriko yameandikwa kuwa yamo. Gari likizama piga picha lilivyo, maji yanaonekana, kabla hujalivuta, kisha toa taarifa. Ukipiga stata ukaua injini, mkaguzi akifungua akakuta konrodi imepinda, ubishi unaanza hapo kwamba umeikuza hasara mwenyewe.

Kwa gari kama hilo la marehemu, ukienda dirishani watakuandikia thamani ya skrepa, kama anavyotaka BeiPoa. Tafuta mthamini kwanza, mkubaliane thamani na iandikwe kwenye mkataba.

#16 Shemeji_IST

Mimi ndiye shemeji. Nimetumiwa huu uzi na mke wangu ambaye hajacheka hivi tangu harusi.

Kwa taarifa, ilikuwa stata tatu, siyo nne. Na niliingia majini kumfuata mama mkwe wakati mwenye mama yuko kwenye hendibreki. Injini ya 2NZ nimenunua nyingine hapo hapo Gerezani. Kontroboksi nayo ilikufa wiki ya pili. Betri yenu ninayo bado.

#17 Mama_Jey_Hananasifu

Shemeji wewe ndiye mshindi wa uzi huu. Konrodi yako imepinda kwa sababu ya haki.

#18 MtotoWaMkwajuni

Shemeji karibu. Zilikuwa nne, nilihesabu kwa spana.

Mrejesho kwa mlioniuliza inbox. Pijo maji yaliishia kwenye sakafu, siti zililowa kwa chini. Niling'oa kapeti, kweli lile sponji lilikuwa limejaa kama sufuria. Difu ilikuwa safi. Beringi ya nyuma kushoto ilikuwa na mchanga. Distribyuta nilifungua kifuniko nikapangusa, nikaazima betri (siyo kwa shemeji), nikavuta choki. Ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikawaka, moshi mweupe uani kote, mama akatoka ndani na mwiko mkononi akasimama pale mlangoni.

Hakusema kitu kuhusu usiku ule na mimi sijathubutu kuuanzisha. Ila juzi nikamwambia, mama, mwaka huu wakitangaza tu mvua, nalipeleka gari kwa baba mdogo Kimara siku ile ile, silali nalo bondeni. Akakubali. Akaniuliza tutaondoka saa ngapi. Nikamwambia mama ni gari tu linakwenda, sisi tutaangalia hali.

Akasema, "Likienda hilo, siti ya mbele ni yangu."

Kwa hiyo ratiba imeshapangwa. Kuna mtu ana mkanda wa siti ya mbele wa 504? Wa zamani umechakaa na yeye anasema hapandi bila kufunga.

#19 FundiGerezani

Njoo Jumatatu, nina wa pickup ya 504, nitaupima. Hendibreki iko juu au chini sasa hivi?

#20 MtotoWaMkwajuni

Chini mkuu. Nusu tofali, mbele na nyuma.